Kipandauso, mbu na dawa ya Koch

Kiswahili kina neno moja ambalo, kwangu mimi, ni utabibu mtupu: kipandauso. Ni yale maumivu ya kichwa, mara nyingi ya upande mmoja, yanayopanda usoni hadi nyuma ya jicho. Mgonjwa anakimbia mwanga, anatapika, na ukimuuliza panauma wapi anashika jicho. Lakini neno halikuliita jicho. Aliyelitunga alishaona kwamba maumivu yana njia yake, na jicho yanapitia tu.

Usambara nako walikuwa na neno la namna hiyo. Wajerumani walifungua kituo cha kilimo Kwai, juu ya Lushoto, mwaka 1896. Muda si mrefu akafika kwenye milima hiyo Robert Koch, yule aliyegundua kijidudu cha kifua kikuu mwaka 1882, safari hii akiwinda malaria. Wasambaa wakamweleza kwamba wakishuka tambarare hurudi na homa, na homa hiyo waliiita mbu. Wadudu waliowauma huko chini nao ni mbu. Basi. Wakati huo Ronald Ross alikuwa India, bado anapasua matumbo ya mbu kutafuta ushahidi!

Koch aliliandika neno hilo katika ripoti yake ya 1898, na kwa hilo namheshimu. Mwaka 1906 alirudi, akaanzia Amani, Usambara Mashariki, kisha akaenda visiwa vya Sese, Uganda, kutibu malale kwa atoksili, dawa yenye aseniki. Alipoongeza dozi, wagonjwa wakaanza kulalamikia macho. Kati ya watu 1,633 waliotibiwa, 22 walipofuka moja kwa moja. Jicho lenyewe halikuwa na kidonda. Kilichokufa ni mshipa wa fahamu unaolibeba jicho hadi kwenye ubongo. Tumezoea kusoma habari za Koch kama za shujaa, na hao 22 hatuwajui hata majina.

Dawa za nyumbani nazo zina hesabu yake. Watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda vya kioo cha jicho walichunguzwa katika miaka ya 1980. Kwa wale waliopata vidonda baada ya surua, chanzo kikubwa kilikuwa upungufu wa vitamini A, lakini karibu mmoja kati ya sita wao aliumizwa na dawa ya kienyeji iliyotiwa jichoni.

Leo mkulima wa mboga wa Kwai ana sababu nyingi za kuumwa macho: moshi wa kuni, dawa ya kupulizia nyanya iliyorushwa na upepo, jani lililomchoma, au kipandauso chenyewe, ambacho tone lolote la dukani haliwezi kukifikia. Na kuna presha ya macho ya ghafla. Hapo ndipo pagumu, kwa sababu nayo inaleta kichwa na kutapika, mtu akadhani ni kile kile alichokizoea. Tofauti ni kwamba jicho linakuwa jekundu, linaona ukungu, na taa inazungukwa na duara za rangi. Mwenye kipandauso akilala gizani huenda akaamka nafuu. Huyu mwingine akilala, anaweza kuamka jicho limeshaharibika.