Kulenga si Kufuma: Gobori na Elimu ya Masafa Unguja na Bara

Litajwapo neno utamaduni wa taifa, fikira za wengi huelekea kwenye ngoma, mashairi, mavazi na majengo. Ni wachache wanaokumbuka kwamba ujuzi wa kazi nao ni sehemu ya utamaduni: nahodha aliyesoma nyota, mhunzi aliyejua moto wa chuma kwa rangi yake, na msasi aliyekadiria mahali itakapofikia risasi ya gobori lake. Insha hii inahusu ujuzi huo wa tatu. Nia yake si kuisifu silaha, maana silaha hiyo imeliletea bara letu misiba mingi, bali ni kuonyesha elimu iliyokuwamo katika mikono ya watu ambao vitabu vya wageni viliwaita wajinga.

Tuanze na maneno yenyewe, kwani lugha ni ghala la historia. Bunduki, baruti na risasi ni maneno yaliyotufikia kwa njia ya Kiarabu, na risasi asili yake ni jina la madini mazito ambayo hutengenezewa vidonge vya kupigia. Lakini mzinga ni neno letu la Kibantu: ndilo jina la gogo lililochongwa kuwa maskani ya nyuki, na watu wa pwani walipouona mtutu mkubwa wa chuma wakaupa jina la kitu walichokijua. Wazee walizigawa bunduki kwa jinsi zilivyowashwa. Ya kale kabisa ni bunduki ya mrao, iliyowashwa kwa utambi wenye moto. Ikafuata ya gumegume, iliyotoa cheche kwa jiwe. Kisha ikaja ya fataki. Zote hizi hutiwa baruti na risasi kwa mdomoni, zikashindiliwa kwa mdeki. Na zile zilizokuwa duni na za bei nafuu ndizo hasa zilizoitwa magobori.

Unguja ilikuwa mlango wa silaha hizo. Katika mapatano ya biashara ambayo Seyyid Said alitiliana saini na Marekani mwaka 1833, bunduki, baruti na risasi zilitajwa mahsusi: katika kisiwa cha Unguja ziliruhusiwa kuuzwa kwa serikali peke yake, ilhali katika bandari zake nyingine ziliuzwa kwa yeyote aliyetoa bei ya juu. Sharti hilo linatuonyesha kwamba mtawala alijua vyema hatari ya kitu alichokiruhusu. Baadaye majeshi ya Ulaya yalipoanza kutumia bunduki za kutiwa viasi kwa nyuma, hasa katika miaka ya 1860 na 1870, mamia ya maelfu ya bunduki zilizopitwa na wakati zilitafutiwa soko, na soko likawa Afrika. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza aliyekuwa Unguja, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki 80,000 hadi 100,000 ziliingia Afrika ya Mashariki kila mwaka. Pembe za ndovu zilishuka pwani, na magobori yakapanda bara.

Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulikuja kuzuia biashara hiyo, lakini kwa namna ya kufunza. Bunduki za kisasa zilikatazwa kuingia katika sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki za gumegume zisizo na michirizi ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa kupita kwa kibali. Kwa maneno mengine, mataifa ya Ulaya yalijiwekea silaha ifikayo mbali, na Mwafrika akaachiwa ile ifikayo karibu. Ili kuelewa uzito wa jambo hilo inatupasa kuelewa gobori lilifika wapi.

Watu wengi hudhani kwamba risasi huenda moja kwa moja kama uzi uliovutwa, kisha nguvu zikiisha ndipo huanguka. Sivyo. Risasi huanza kuanguka mara itokapo mdomoni mwa mtutu, na huanguka kwa kasi ileile ya jiwe lililoachwa mkononi. Tofauti ni kwamba inapoanguka inakwenda mbele pia. Tuchukue mfano wa risasi itokayo kwa mwendo wa meta 300 kwa sekunde, na kwa sasa tuusahau upinzani wa hewa. Kufika meta 50 huchukua sehemu moja ya sita ya sekunde, na katika muda huo huwa imeshuka sentimeta 14 hivi chini ya mstari wa mtutu. Kufika meta 100 huchukua theluthi ya sekunde, nayo huwa imeshuka sentimeta 54, yaani dhiraa moja na vidole vinne. Kufika meta 150 huchukua nusu sekunde, na mshuko wake ni meta 1 na sentimeta 23. Mwanafunzi na atazame hesabu hii kwa makini: masafa yakizidi mara mbili, mshuko huzidi mara nne, yakizidi mara tatu, mshuko huzidi mara tisa.

Na hewa haisahauliki. Mwingereza Benjamin Robins alithibitisha mwaka 1742 kwamba hewa huipunguza kasi ya risasi kwa kiasi kikubwa kuliko wataalamu walivyokuwa wakidhani. Kwa hiyo mshuko wa kweli huzidi ule wa hesabu yetu. Zaidi ya hayo, baadhi ya wawindaji wa ndovu walishindilia kipande cha chuma badala ya risasi, kwa sababu chuma ni kigumu. Lakini chuma ni chepesi kuliko risasi. Hewa hukichosha upesi, na kwa masafa marefu hushuka zaidi.

Sasa turudi kwa msasi. Gobori lake kwa kawaida halikuwa na kilengeo cha kupandisha na kushusha; pengine palikuwa na nundu ndogo tu karibu na mdomo wa mtutu. Baruti yake ilikuwa njema leo na mbovu kesho, hasa ikiwa imeingia unyevu. Ilimbidi apime kwa vidole, yaani kwa sehemu ya mdeki iliyobaki nje ya mtutu baada ya kushindilia. Kidole kimoja kilichopungua kilikuwa na maana kubwa. Risasi itokayo kwa meta 400 kwa sekunde hushuka sentimeta 31 tu ifikapo meta 100, kwa hesabu ileile isiyotia hewa, badala ya 54. Na kidole kilichozidi kiliweza kuupasua mtutu na kumlemaza mpigaji mwenyewe. Hakuwa na saa wala jedwali. Alikuwa na jicho, kumbukumbu na mafunzo ya waliomtangulia.

Mazingira nayo yalikuwa mwalimu. Katika maweni ya kusini ya Unguja, kuanzia Jozani hadi Muyuni na Makunduchi, msitu ni wa vichaka vilivyosongamana juu ya mawe ya matumbawe. Huko wasasi walitumia mbwa na nyavu, na mwenye bunduki alimwona mnyama kwa karibu sana. Kwa masafa hayo mshuko si kitu. Wepesi wa mkono ndio ulioamua. Lakini paa wa Unguja ni mdogo, mabega yake hayafiki nusu meta kutoka ardhini. Aliyejaribu kumpiga kutoka hatua mia moja huku akimlenga sawasawa, risasi yake ilichimba udongo. Bara mambo yalikuwa mengine. Wamakua, na wale wawindaji wa Kinyamwezi na Kisukuma walioitwa bayege, walimkabili ndovu katika mbuga za wazi. Ndovu ana kimo cha meta 3 na zaidi, basi hakukosekana kwa urahisi. Lakini risasi iliyoshuka dhiraa moja iliuacha moyo ikapiga mguu, na ndovu aliyejeruhiwa ni mauti yanayotembea.

Palikuwa na dawa ya kulenga juu kidogo, kwenye mgongo badala ya kifua. Hata hivyo dawa hiyo ilikuwa na mpaka. Risasi ya mviringo hulegea ndani ya mtutu usio na michirizi, hugonga huku na huku, na hutoka ikijizungusha ovyo. Kwa masafa marefu huenda upande ambao hakuna awezaye kuubashiri. Mshuko hukadirika, lakini upotovu huo haukadiriki. Ndiyo maana hekima ya juu kabisa ya msasi ilikuwa kunyatia: kuupunguza umbali kwa miguu kabla ya kuuhesabu kwa macho. Wahenga walisema kulenga si kufuma, na neno hilo la kufuma, ambalo ni la mshale na mkuki, lilifaa vilevile katika zama za baruti.

Hatuwezi kumaliza bila kuitazama damu. Magobori hayo hayo yaliongoza misafara iliyoteka watu na kuwaleta katika soko la watumwa la Unguja, mpaka soko hilo lilipofungwa mwaka 1873. Hamed bin Muhammad el Murjebi, ambaye nyumba yake iko Shangani, anajulikana zaidi kwa jina la Tippu Tip, na inasemekana jina hilo limetokana na mlio wa bunduki zake. Kisha ikafika zamu ya magobori kuwatetea wananchi, na hapo yakashindwa. Tarehe 30 Agosti 1905, katika vita vya Maji Maji, mashujaa walioishambulia boma ya Wajerumani huko Mahenge walipigwa na bombomu wakiwa bado mbali. Mikuki na magobori yao yalidai ukaribu ambao adui hakuwaruhusu kuupata. Ushujaa haukuwapungukia, walipungukiwa silaha ifikayo mbali, na upungufu huo ulikuwa umekwisha kutiwa saini Brussels miaka 15 kabla.

Mwalimu wa historia na mwalimu wa fizikia wanaweza kulifundisha somo hili pamoja. Mmoja na aonyeshe kwa jiwe na saa namna kitu kinavyoanguka. Mwingine na aeleze ni nani aliyeruhusiwa kuwa na silaha ya masafa gani, na kwa nini. Wanafunzi nao, wanapoishi karibu na wazee waliosikia habari za usasi wa zamani, na waandike majina ya vipimo, ya sehemu za gobori na ya namna za kunyatia, kabla maneno hayo hayajazikwa pamoja na wenyewe.