“Bangi Hutibu Kifafa”: Historia ya Sentensi ya Maneno Matatu

Wapo wafasiri ambao, wakikutana na habari za dawa iliyotokana na mmea, huandika pasi na kusita kwamba “bangi hutibu kifafa”. Sarufi ya sentensi hiyo haina dosari. Lakini mzazi akiisoma aweza kumwachisha mtoto vidonge alivyopewa hospitalini, na mgonjwa wa kifafa anayekatizwa dawa ghafula huhatarisha maisha yake.

Chimbuko la sentensi hii ni la zamani. Kati ya mwaka 1839 na 1843, William O’Shaughnessy, daktari wa Ireland aliyekuwa akifanya kazi mjini Calcutta, alitangaza majaribio yake ya bangi iliyolowekwa katika spiriti. Miongoni mwa wagonjwa wake alikuwamo mtoto mchanga aliyeshikwa na mitukutiko isiyokoma. Alipewa matone ya dawa hiyo, naye akapona. Habari hii hutajwa mara nyingi kuwa mwanzo wa tiba ya kifafa kwa bangi. Lakini ni kifafa kipi? Wazee wetu walikwisha kutofautisha: mitukutiko ya watoto wadogo, ambayo aghalabu huja pamoja na homa, waliiita degedege. Kifafa ni maradhi ya ubongo yanayomrudia mtu mara kwa mara, hata akiwa hana homa. Anayeandika “kifafa” kwa mtoto yule wa Calcutta anasema zaidi ya alivyosema daktari mwenyewe.

Neno “bangi” nalo lilitosha maadamu hapakuwa na aliyejua ni kitu gani ndani ya jani kilichofanya kazi. Hali ilibadilika mwaka 1963, Raphael Mechoulam na Yuval Shvo walipobainisha, huko Israeli, muundo wa kanabidioli. Mwaka uliofuata ukabainishwa muundo wa tetrahidrokanabinoli, ambayo ndiyo inayolevya. Tangu hapo mmea ulikuwa jambo moja, na misombo iliyomo ndani yake jambo jingine. (Wengine hupendelea “kampaundi”, sina ugomvi nao, mradi wasiseme “mchanganyiko”, kwani mchanganyiko hasa ndio ule wa O’Shaughnessy.) Kanabidioli hailevyi, na mvutaji wa bangi hawezi kujua amepata kiasi gani chake.

Mwaka 1980 watafiti wa Brazili walitoa taarifa ya wagonjwa 15: wanane walipewa kanabidioli, na wanne kati yao karibu waondokewe kabisa na mitukutiko. Idadi ilikuwa ndogo mno. Ilipita miaka 37 kabla ya kutangazwa jaribio la watu 120, watoto na vijana, wenye kifafa kiitwacho Dravet. Waliopewa kanabidioli, juu ya dawa zao za kawaida, walishuka kutoka wastani wa kati wa mitukutiko 12.4 kwa mwezi hadi 5.9. Mwaka 2018 Marekani iliidhinisha dawa hiyo, kwanza kwa aina mbili adimu za kifafa, Dravet na Lennox-Gastaut.

Mitukutiko 5.9 bado ni mitukutiko. Hivyo “hutibu” nalo halifai. Mimi ningeandika: “Kanabidioli, msombo utokanao na mmea wa bangi, ikitumiwa pamoja na dawa nyingine, hupunguza mitukutiko katika baadhi ya aina za kifafa.” Ni ndefu, na mhariri wa gazeti hataipenda.