Mnarani: kutoka foleni ya feri hadi Kazi Mtaani

Kabla ya 1991, aliyetoka Mombasa kwenda Malindi alisimama Mnarani, atake asitake. Daraja halikuwapo. Magari yalipanga foleni yakingoja feri ya kuvuka mkono wa bahari hadi Kilifi, na foleni hiyo ndiyo iliyolisha nyumba nyingi: wauza korosho, madafu na mihogo, na wachukuzi waliobeba mizigo ya abiria. Hakuna wizara iliyoipanga ajira hiyo.

Mwaka 1991 daraja lililojengwa kwa msaada wa Japani likafunguliwa. Mgonjwa wa Mnarani sasa anafika hospitali ya Kilifi, ng'ambo ya pili, bila kungoja feri, na hilo si jambo dogo hata kidogo. Lakini gari lisilosimama halinunui dafu.

Ng'ambo hiyo hiyo palikuwa na tegemeo kubwa zaidi. Kiwanda cha Kenya Cashewnuts, kilichoanzishwa na serikali mjini Kilifi miaka ya 1970, kilinunua korosho za wakulima wa pwani na kuajiri watu kuzibangua. Ni kazi ya mikono. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi, kwa hiyo huanza kupashwa moto ndipo lipasuliwe. Kiini hukaushwa, hutolewa ngozi yake nyembamba, kisha huchaguliwa: vizima kando, vilivyovunjika kando, maana bei si moja. Kila hatua inataka mtu mwenye jicho na subira, na kila hatua ni mshahara.

Kiwanda kilibinafsishwa mapema miaka ya 1990, na muongo huo haukwisha kabla hakijasimama. Mkulima akabaki mikononi mwa madalali. Korosho ghafi zikapakiwa kwenda India, ambako ubanguaji ni kazi ya maelfu ya wanawake, hasa katika jimbo la Kerala. Tulisafirisha korosho na ajira zake kwa pamoja. Serikali ilipopiga marufuku kuuza nje korosho ghafi mwaka 2009, wakulima wengi walikuwa wameshakata tamaa na mikorosho yao imezeeka.

Mwaka huo huo wa 2009 serikali ilizindua mradi wa ajira wa Kazi kwa Vijana: vibarua vya kulima barabara, kuzibua mitaro na kupanda miti. Mwaka 2020, korona ilipofunga mahoteli na kuwarudisha nyumbani wafanyakazi wa utalii, ukaja mradi mwingine wa aina hiyo, Kazi Mtaani, na Kilifi ikawa miongoni mwa kaunti za mwanzo kuipata. Katika awamu ya pili kibarua alilipwa shilingi 455 kwa siku. Wapo waliobeza. Mimi sibezi: kwa nyumba iliyokosa kipato kabisa, fedha hiyo ilikuwa unga, mafuta na karo. Kasoro ilikuwa kwingine. Mradi ulipokwisha, kijana alirudi barazani na ujuzi ule ule aliokwenda nao, na mtaro uliosafishwa ukajaa takataka tena.

India, wanakobangua korosho, ilitunga sheria mwaka 2005 iliyoipa kila kaya ya mashambani haki ya kudai siku 100 za kazi kwa mwaka. Ilikuwa haki iliyoandikwa, wala haikungoja janga wala uchaguzi. Huku kwetu kibarua huja kama fadhila na huondoka hivyo hivyo.

Tangu 2013 huduma za kilimo ziko mikononi mwa serikali ya kaunti. Fedha za vibarua vya kufyeka nyasi kando ya barabara zinaweza kuwalipa vijana wa Mnarani kuotesha miche, kupogoa mikorosho mizee, na kufunzwa kubangua katika vikundi vyao wenyewe. Mkorosho uliotunzwa huanza kuzaa katika mwaka wa tatu hivi, muda ambao bado uko ndani ya kipindi kimoja cha gavana. Mgombea yeyote atakayepita Mnarani kuomba kura na aulizwe ataotesha miche mingapi, na nani atabangua korosho zake.