Nukta Nundu na Lugha ya Kemia Chini ya Mlima Meru

Maji ya chemchemi na visima vingi katika miteremko ya Mlima Meru yana floridi kupita kiasi, na athari yake huonekana katika meno ya kahawia ya wenyeji wengi wa Arusha na Arumeru. Katika kituo cha Ngurdoto watafiti wamejaribu kuyasafisha maji ya namna hiyo kwa mkaa wa mifupa. Siri ya mkaa huo imo katika madini ya mfupa, ambayo wanakemia huyaandika Ca₅(PO₄)₃OH: floridi iliyomo majini hushika mahali pa ile OH, ikanasa. Mwanafunzi mwenye macho huyapata hayo kwa kutupa jicho mara moja. Mwenzake asiyeona, anywaye maji yale yale, hana njia fupi hivyo. Na taabu yake, ukiichunguza, ni taabu ya maandishi.

Louis Braille, aliyezaliwa Coupvray, Ufaransa, mwaka 1809 na kupofuka angali mtoto, aliuchukua mfumo wa nukta 12 uliobuniwa na askari Charles Barbier, akaupunguza hata nukta 6, na mwaka 1829 akauchapisha. Nukta 6 hutoa alama 63 tu, nazo hufuatana katika mstari mmoja kama watu njiani. Kemia, kinyume chake, hupenda kupanda na kushuka: tarakimu ndogo chini ya herufi, chaji juu yake. Kila mshuko, basi, hauna budi kutangazwa kwa alama yake. Katika breli ya Kiingereza iliyounganishwa, ambayo ilitambuliwa kimataifa mwaka 2004, H₂O haiandikwi kwa alama pungufu ya 7: alama ya herufi kubwa, h, alama ya mshuko, alama ya tarakimu, b iliyo badala ya 2, tena alama ya herufi kubwa, kisha o. Fomula ya mfupa, ambayo jicho huiona katika herufi na alama 11, kidoleni huzidi 20. Abraham Nemeth, Mmarekani bingwa wa hisabati ambaye mwenyewe alikuwa kipofu, alitoa utaratibu mwingine mwaka 1952. Yeye alizishusha tarakimu ndani ya kisanduku chenyewe cha nukta, na tarakimu ndogo ifuatayo herufi hakuitangaza kabisa. Maji kwake ni alama 5. Kwa kemia utaratibu wake ni bora, ijapokuwa humdai msomaji ajifunze tarakimu upya.

Mtego mwingine ni ule wa ufupisho. Katika breli fupi ya Kiingereza, k ikiwa peke yake husomwa kama neno zima lenye maana ya maarifa. C ni kuweza. B ni lakini. Potasi, kaboni na boroni huwa zimemezwa na sarufi, isipokuwa zitanguliwe na alama ya kuonya.

Tanganyika ilipata shule ya kwanza ya vipofu mwaka 1950 huko Buigiri, Dodoma, kwa juhudi za Kanisa la Anglikana. Baadaye zilifuata Furaha ya Tabora na Irente ya Lushoto. Katika upande wa Meru, Chuo cha Patandi kilichoko Tengeru, kando ya barabara ya Moshi, hufundisha walimu wa elimu maalumu. Hata hivyo, kwa miaka mingi wanafunzi wasioona wameelekezwa kwenye masomo ya sanaa, kana kwamba sayansi ni mali ya macho. Tena mtoto husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, akifika sekondari hukutana kwa pamoja na Kiingereza, ufupisho wake, na fomula.

Kitabu kisipokuwapo, mwenzake humsomea. Hapo ndipo Kiswahili nacho huulizwa swali. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya mwaka 1990 ilitupatia majina ya vitu. Namna ya kuitamka fomula ni jambo jingine. Asikiaye "PO nne tatu" atajuaje kwamba tatu ile huzidisha mabano yote? Kusema "fungua mabano" na "funga mabano" ni kazi ndogo sana, lakini yataka mapatano, na mapatano ya lugha ni kazi ya wanalugha kabla ya kuwa ya maabara.

Mkono nao una haki yake. Mwaka 1865 August Wilhelm von Hofmann aliwaonyesha wasikilizaji wake wa London molekuli zilizoundwa kwa mipira ya mchezo iliyounganishwa kwa vijiti, kaboni nyeusi, oksijeni nyekundu, hidrojeni nyeupe. Umbo lilishikika, tofauti iliachiwa rangi. Kwa asiyeona tofauti hiyo yafaa ihamie kwenye ngozi ya kitu, na vifaa vyake havihitaji meli. Juu ya kadi ngumu, uzi uliogandishwa kwa gundi waweza kuwa mabano, maharage oksijeni, punje ya mtama hidrojeni, kokwa laini florini. Mwanafunzi hufuata uzi hadi mwisho wa madini ya mfupa, akaling'oa harage pamoja na mtama wake, akaweka kokwa moja mahali pake.