Mawe chini ya miguu yetu: Iringa hadi Mbeya

Isimila, karibu na mji wa Iringa, watu walichonga zana za mawe zaidi ya miaka 200,000 iliyopita. Zana hizo zilitambuliwa mwaka 1951, na hadi leo zinaonekana pale bondeni. Nyanda za Juu Kusini hazijawahi kukosa jiwe. Kilichobadilika ni kazi ambayo kila kizazi kililipa jiwe hilo.

Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alilipa jiwe kazi ya ulinzi. Ngome yake ya Kalenga ilizungushiwa ukuta wa mawe, na Wajerumani walioonja kipigo cha Wahehe kule Lugalo mwaka 1891 walirudi na mizinga. Tarehe 30 Oktoba 1894 jeshi la Gavana Friedrich von Schele liliiteka ngome hiyo. Miaka miwili baadaye afisa wa Kijerumani, Tom von Prince, alianzisha kituo kipya juu ya kilima, na hapo ndipo ulipokulia mji wa Iringa. Mbeya ulifuata mwaka 1927, enzi za machimbo ya dhahabu ya Lupa.

Barabara ya kuunganisha miji hiyo, hata hivyo, ilibaki ya udongo kwa miaka mingi. Ubaya wake ulidhihirika baada ya Novemba 1965, walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru na Zambia ikakatiwa mafuta yaliyokuwa yakipitia kusini. Malori yakaanza kuyabeba kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Kiangazi vumbi, masika tope. Magari yaliteleza na kupinduka, watu wakapoteza maisha, na njia ikapata sifa ya kuwa jehanamu. Lami ilikamilika mwanzoni mwa miaka ya 1970. Reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Kote huko jiwe lilitumika likiwa limepondwa: kokoto chini ya lami, kokoto chini ya mataruma.

Jiwe zima la kutandikwa barabarani limechelewa kupata heshima yake. Mwanza, mji wa vilima na majabali, una mitaa iliyopandishwa mlimani kwa mawe. Ethiopia nayo, tangu miaka ya 2000, imefundisha vijana wengi kuchonga mawe meusi ya volkano kwa nyundo na tindo na kuyapanga mitaani.

Mbeya una kila sababu ya kutandika mawe mitaani kwa wingi. Mitaa yake inapanda kuelekea mlima Loleza, mvua zake hazina huruma kwa changarawe, na mawe ya volkano ya Rungwe hayako mbali. Fundi husawazisha na kushindilia ardhi, hujenga kingo imara pande zote mbili, humwaga mchanga, kisha husimamisha mawe yakibanana, upande bapa ukiwa juu. Mifereji ya maji huchimbwa kwanza. Bomba likipasuka, mawe hung'olewa, bomba likatengenezwa, na mawe yale yale yakarudishwa mahali pake.