Gitaa la bei rahisi: tulifufue au tulibadilishe?

Leo siandiki juu ya programu. Au tuseme naandika, lakini kwa njia ya mzunguko. Kwa wiki tatu sasa meza yangu ya kazi hapa Mji wa Kale imekaliwa na gitaa la umeme la ami yangu, na tarakilishi imesukumwa pembeni. Swali ni moja tu: nilirudishe kama lilivyokuwa, nilitie vipuri vipya, au nimwambie ami alitundike ukutani tununue jingine? Nilipoanza kutafuta jibu nikajikuta nasoma historia ya mji wangu mwenyewe, na hiyo ndiyo nataka tuizungumze.

Gitaa lenyewe ni la Kijapani. Mwili wake ni plaiwudi, jina la kichwani limefutika, na bamba la chuma mahali shingo inapoungana na mwili ndilo linalotaja Japani. Lina pikapu mbili (wapenda magari mtulie, sizungumzii Toyota) na swichi nyingi kuliko linavyohitaji. Ami alilinunua mwaka 1974 kutoka kwa mpiga muziki wa hoteli, likiwa limeshachakaa, akalipigia harusini hadi mikono ilipochoka. Sasa analitaka kwa ajili ya mjukuu wake wa kike ambaye ana miaka 15 na anajifunza kwa gitaa la kuazima. Kwa hiyo si suala la makumbusho. Mtoto anataka kupiga.

Magitaa ya aina hii yana historia ambayo wengi huidharau. Baada ya vita viwanda vya Japani vilitafuta kitu cha kuuza nje, na umeme wa bei rahisi ukawa mmojawapo. Teisco, kampuni iliyoanzishwa Tokyo mwaka 1946, ilitengeneza magitaa na amplifaya kwa wingi sana katika miaka ya 1960, hadi Kawai ikainunua mwaka 1967. Mara nyingi kiwanda kilitengeneza gitaa na muagizaji wa ng'ambo akabandika jina lake. Gitaa moja, majina kumi. Ndiyo maana kutambua gitaa lisilo na kibandiko ni kazi ya kuangalia umbo la pikapu na skrubu, si kusoma jina. Hata kabla ya Wajapani, magitaa ya bei rahisi yalikuwa yakitembea Afrika: Gallo ya Afrika Kusini iliuza gitaa kavu liitwalo Gallotone, na gitaa la kwanza kabisa la John Lennon lilikuwa Gallotone Champion. Kwa hiyo usicheke gitaa la bei ya chini.

Umeme wenyewe ni rahisi kuuelewa. Mwaka 1831 Michael Faraday alionyesha kwamba sumaku ikisogea karibu na koili ya waya, umeme hutokea kwenye waya. Miaka mia baadaye, George Beauchamp na Adolph Rickenbacker kule California wakaigeuza kanuni hiyo kuwa ala, na hataza ya Beauchamp ikatolewa mwaka 1937. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, uga wa sumaku hutikisika nao, na koili hutoa umeme mdogo unaofuata mtikisiko huo. Amplifaya hufanya yaliyobaki. Kumbuka hapa hakuna maikrofoni: pikapu haisikii mbao wala hewa, inasikia chuma. Ndiyo sababu gitaa la plaiwudi linaweza kutoa sauti ya maana.

Sasa turudi kisiwani. Mwaka 1971 ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, waliokuwa wamepitia Jamhuri Jazz na baadaye Arusha Jazz, walianzisha Simba Wanyika hapa Mombasa, kabla ya kuhamia Nairobi mwaka 1975. Ukitaka kujua gitaa la umeme linafanya nini, sikiliza namna solo na rithimu zinavyojibizana kwao kama watu wawili wanaopiga soga barazani. Wakati huohuo hoteli za pwani zilihitaji bendi kila usiku. Them Mushrooms walitokea huko, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakaupa ulimwengu "Jambo Bwana". Mombasa Roots nao wakaichukua chakacha ya harusini wakaiingiza disko. Hoteli zilihitaji ala, na ala za hoteli zikichoka huuzwa mjini kwa watu kama ami. Hivyo ndivyo gitaa letu lilivyofika mtaani.

Lakini ala iliyonifikirisha zaidi si gitaa. Ni tashkota.

Mwaka 1912 huko Nagoya, Japani, bwana mmoja aitwaye Morita Goro alibuni ala ndogo ya nyuzi yenye vibonye kama vya taipureta. Unapiga nyuzi kwa mkono mmoja na kwa mwingine unabonyeza vibonye vyenye nambari. Enzi ya Taisho ilikuwa imeanza mwaka huohuo, na ala ikapewa jina taishogoto. Ilikuwa kitu cha nyumbani, cha bei nafuu, cha mtu asiyetaka kuteseka na masomo ya muziki. Ikafika India, wakaiita bulbul tarang. Ikafika na pwani yetu, ikawa taishokoto, na midomoni mwa watu tashkota. Hapa Mombasa ikafungwa pikapu ikaunganishwa na amplifaya, na ghafla ile ala ya sebuleni ikawa na makali ya kupenya kelele za harusi ya mtaani yenye wanawake mia mbili na ngoma. Sikiliza taarabu ya Zuhura Swaleh ya miaka ya 1970 na 1980 utaelewa. Zein l'Abdin aliibakiza taarabu yake kwenye udi, Juma Bhalo alivutwa na nyimbo za filamu za Kihindi, na Zuhura akaleta chakacha na tashkota ya umeme. Mji mmoja, ladha tatu.

Fikiria maana yake. Kama mtu angeihifadhi tashkota ya kwanza iliyoshuka bandarini "kama ilivyokuwa", tungekuwa na sanduku zuri la kioo lenye ala isiyosikika. Waliochukua chuma cha kuchomea lehemu na kuitoboa ndio waliotupa muziki. Na si ajabu kwamba moja ya majina makubwa ya kanda za taarabu mjini hapa ni Mbwana Radio Service. Tazama jina hilo: ni jina la mahali pa kutengenezea redio! Muziki wa Mombasa umepita mikononi mwa mafundi wa redio kama ulivyopita midomoni mwa waimbaji. Kwa hiyo wale wanaosema gitaa la zamani lisiguswe, mila ya mji huu inawapinga.

Nilikuwa nimefikia hapo, niko tayari kuagiza pikapu mpya, nilipokumbuka saruji.

Anayekaa Mji wa Kale anaijua habari hii. Nyumba zetu za zamani ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunywa unyevu na kuutoa. Mwenye nyumba akiona plasta ya chokaa inabanduka, huita fundi ampigie saruji, kwa nia njema kabisa, maana saruji ni ngumu na ni ya kisasa. Saruji haipitishi unyevu. Maji na chumvi hubaki ndani ya ukuta, na mawe huanza kumomonyoka nyuma ya plasta inayong'aa. Na ukijaribu kuibandua, inaondoka na jiwe. Hilo nalo ni kuboresha, lakini huwezi kulirudisha nyuma.

Sisi waandishi wa programu tunalifahamu jambo hili kwa sura nyingine. Ukirithi programu ya miaka ishirini, unaweza kuongeza sehemu mpya pembeni na ukaiondoa kesho ikikukera. Au unaweza kufuta msingi ukaandika upya bila kuweka nakala ya toleo la awali, halafu ukagundua kwamba ile mistari uliyoiona ya kipuuzi ndiyo iliyokuwa ikishikilia kila kitu. Tashkota iliongezewa pikapu na ikabaki tashkota. Ukuta uliopigwa saruji haukubaki ukuta uleule. Basi nikaacha kuuliza kama kitu ni kipya au cha zamani, nikaanza kuuliza kama naweza kukirudisha.

Kwa kipimo hicho kazi ikagawanyika yenyewe. Nikafungua skrubu zote nikatazama. Adui wetu hapa ni upepo wa bahari. Chumvi ilikuwa imekula vitasa vya sauti, soketi ya waya na miguu ya daraja. Hivyo vyote natoa bila huruma na kuweka vipya, kwa sababu vinaingia kwenye matundu yaleyale, na vya zamani vinakaa kwenye mfuko wenye karatasi ya maelezo. Vigingi vya kukazia nyuzi vinapakwa mafuta tu. Vipya vingehitaji kutoboa kichwa upya. Nyuzi zilikuwa juu mno, mtoto angeumia vidole, lakini shingo yenyewe imenyooka. Ni pembe yake iliyolegea. Kipande chembamba cha mbao kati ya shingo na mwili, skrubu nne, kwisha. Freti zina kijani cha shaba kilichofutika kwa sufi ya chuma.

Kuna jambo moja la umeme ambalo nawasihi mlizingatie, hata msiosoma mengine. Nyuzi za gitaa huunganishwa na ardhi ya amplifaya ili kupunguza mvumo. Maana yake, amplifaya kuukuu yenye plagi ya miguu miwili ikivuja, umeme wa volti 240 unaweza kukutana na wewe kwenye nyuzi. Nyumba nyingi za zamani hapa hazina waya wa ardhi unaoaminika. Gitaa la ami linaruhusiwa kubaki la mwaka 1974. Amplifaya hapana. Hiyo nimeikataa kabisa na nimeweka mpya yenye plagi ya miguu mitatu, na tundu la ukutani nimelipima.

Kikabaki kiini cha ugomvi: pikapu. Ya karibu na daraja ni nzima. Ya shingoni imekufa, mita inaonyesha waya umekatika ndani. Dawa ya kawaida ni kuweka pikapu ya koili mbili, ile aliyobuni Seth Lover pale Gibson mwaka 1955. Koili mbili zimepangwa kinyume, hivyo mvumo wa umeme wa nyumba, ule wa hezi 50, unajifuta wenyewe. Ni uvumbuzi wa ajabu na kwa akili ya uhandisi ndilo jibu sahihi. Lakini ni pana zaidi. Ningelazimika kuchonga mbao.

Nikampelekea ami suala hilo. Akacheka. "Mwanangu, gitaa hilo lilikuwa baya tangu siku nilipolinunua. Shoti zake nazijua. Lakini pikapu ya shingoni ndiyo iliyokuwa rithimu yangu. Ukiitoa hiyo, utampa mjukuu wangu gitaa la mtu mwengine."

Basi naisuka upya. Pikapu nzima inasoma omu 5,100, lakini shaba ikipata joto ukinzani wake huongezeka, kama asilimia 4 kwa kila nyuzijoto 10, na chumba changu kilikuwa na joto la 30. Kwa joto la 20, ambalo ndilo la majedwali, ni omu 4,900 hivi. Waya huu una unene wa milimita 0.063 na ukinzani wa omu 5.44 kwa mita, kwa hiyo ndani ya kile kiboksi kidogo kuna waya wa mita 900! Mzunguko mmoja wa wastani ni sentimita 14.5. Hiyo inatupa mizunguko kama 6,200, na hakuna binadamu atakayehesabu mizunguko 6,200 huku watoto wakicheza mpira nje ya dirisha.

Hapo ndipo programu inapoingia. Nimechukua mota ya cherehani, nikagundisha sumaku ndogo kwenye gurudumu lake, na kihisi cha sumaku kinapeleka ishara kwenye Arduino. Kila sumaku ikipita, hesabu inaongezeka moja, na ikifika 6,200 mota inazimwa. Programu yote ni mistari kama arobaini. Nimeijaribu kwa uzi wa kushonea hadi mizunguko 1,000 na haikukosa hata mmoja.

Waya wa shaba umefika Jumanne. Ni mwembamba kuliko unywele na unakatika ukiupumulia vibaya, kwa hiyo mtu lazima aubane polepole kati ya vidole viwili mota inapozunguka. Ami amesema hiyo kazi ni yake, anakuja kesho baada ya Magharibi, na mjukuu atashika taa.