Usiku wa Ijumaa

Wengi wetu hudhani kwamba neno usiku halina makuu: jua likitua ni usiku, likichomoza ni mchana. Lakini neno hilo liliwahi kuwatia fedheha majirani zangu wa hapa Ulemo.

Binti yao ameolewa Tanga. Baba mkwe wake alipofariki, walipelekewa salamu kwamba hitima itasomwa usiku wa Ijumaa. Wakachangishana ukoo mzima, wakafunga safari, wakafika Ijumaa magharibi. Hitima ilikuwa imekwisha kusomwa jana yake. Wafiwa waliona wamedharauliwa, na binti ndiye aliyebeba masimango kwa muda mrefu.

Nani alikosa? Hakuna. Kwa desturi ya pwani, kama ilivyo katika kalenda ya Kiislamu, siku huanza jua linapotua. Usiku hutangulia, mchana hufuata. Kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule ambao sisi wa bara twauita Alhamisi usiku. Sisi tumezoea kalenda ya shuleni na ofisini, ambayo hubadili tarehe saa sita ya usiku.

Hata hivyo neno lenyewe halikuletwa na Waarabu. Ni la Kibantu: Wachewa nao husema usiku, Wazulu husema ubusuku, Wakikuyu utuku. Neno ni la ukoo mmoja. Hesabu ndizo mbili. Tena hata sisi wa Iramba hatukuiacha kabisa hesabu ya machweo. Mtu akisema saa moja usiku, ana maana gani kama si saa ya kwanza tangu jua kutua?

Wala mambo haya si ya Waswahili peke yao. Wahispania huuita usiku noche, neno lililotokana na Kilatini noctem, kama vile octo ilivyozaa ocho, yaani nane. Usiku wa tarehe 24 Desemba wao huuita Nochebuena, usiku mwema: Krismasi imekwisha kuingia kabla tarehe yake haijafika. Julius Caesar naye aliandika kwamba Wagali, wenyeji wa Ufaransa ya kale, walihesabu muda kwa usiku badala ya mchana. Na Waingereza hadi leo majuma mawili huyaita fortnight, maana yake usiku kumi na nne.

Ndugu msomaji, dawa ipo, na magazeti yetu huitumia kila siku: usiku wa kuamkia Ijumaa. Maneno hayo hayamlazimishi mtu wa pwani kuacha jadi yake, wala wa bara kujifunza kalenda nyingine. Kila mmoja anaelewa ni asubuhi ipi itakayofuata. Atumaye salamu za msiba au za harusi asione uvivu kuliongeza hilo neno moja, kuamkia. Undugu wa mbali hudumu kwa watu kufika kwa wakati.